Kibali cha ujenzi si kura ya kuchagua jirani

Katika miji ya England, tangazo la maombi ya ujenzi hufungwa kwenye nguzo ya taa barabarani, ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isiliharibu. Lina namba ya maombi, anwani ya kiwanja, mstari mmoja au miwili ya kueleza kinachoombwa, na tarehe ya mwisho ya kutoa maoni. Mstari huo ukisema jengo linataka kugeuzwa hosteli ya watu wasio na makazi, kabla ya magharibi magrupu ya WhatsApp ya mtaa mzima yatakuwa yamewaka moto. Mengi yanayosemwa humo kuhusu uwezo wa halmashauri si kweli, na sisi Waswahili tunaoishi huku huyapokea na kuyasambaza yalivyo. Wengine hukaa kimya wakidhani hayawahusu. Yanatuhusu sana. Wapo wenzetu wanaolala na watoto kwenye chumba kimoja cha hoteli, wakisubiri nyumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri.

Ninayoyaeleza hapa ni ya England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Dhana: "Tukikusanya sahihi elfu mbili, lazima wakatae"

Wingi wa sahihi haumlazimishi mtu. Sheria ya mwaka 2004 inataka kila uamuzi ufuate mpango wa maendeleo wa eneo husika (waraka unaoeleza nini kijengwe wapi), isipokuwa pawepo jambo jingine lenye uzito kisheria. Mambo hayo yanajulikana: jengo kuziba mwanga wa jirani, madirisha kuchungulia ndani ya nyumba za watu, magari kuzidi barabarani, kelele, maegesho, miti, mafuriko, majengo ya kihistoria. Uhaba wa nyumba nao una uzito, na hilo wapingaji wengi hulisahau.

Fungua ripoti yoyote ya afisa mipango, zipo kwenye tovuti ya kila halmashauri. Idadi ya barua za pingamizi na za kuunga mkono hutajwa kwa sentensi moja. Kisha hoja zinaorodheshwa, kila hoja mara moja tu, hata kama imeletwa na watu mia tatu walionakili barua ileile. Baada ya hapo kurasa nyingi zinajibu hoja hizo moja baada ya nyingine. Mtu mmoja aliyepima upana wa barabara na kuonyesha kwamba gari la zimamoto halipiti anaweza kubadilisha uamuzi ambao watu elfu mbili waliosaini bila hoja hawakuugusa.

Mfumo huu una mizizi katika sheria ya mwaka 1947, iliyoondoa haki ya mwenye ardhi kujenga apendavyo na kuiweka mikononi mwa umma. Tangu hapo swali mbele ya halmashauri limekuwa ni matumizi gani yanafaa mahali hapa, wala si nani tunampenda. Kibali chenyewe kwa kawaida hufuata ardhi: kiwanja kikiuzwa kesho, mnunuzi anakipata pamoja na kibali chake. (Utaratibu huo Waingereza waliupeleka hadi Tanganyika kwa sheria ya mipango miji ya mwaka 1956, na Tanzania ikaja kuibadilisha kwa sheria yake ya 2007.)

Dhana: "Bei za nyumba zetu zitashuka, na hiyo ni sababu tosha"

Si sababu, hata kama ingekuwa kweli. Kushuka kwa bei ya nyumba ya mtu binafsi hakuhesabiwi. Vivyo hivyo kupoteza mandhari ya dirishani, hofu ya biashara jirani kupata mshindani, na maoni ya mtu kuhusu tabia au asili ya anayeomba. Barua iliyojaa hayo husomwa na kuwekwa pembeni. Ikiwa na maneno ya ubaguzi, halmashauri nyingi haziichapishi kabisa.

Dhana: "Hosteli italeta uhalifu, kwa hiyo hawawezi kuiruhusu"

Hapa pana uzito zaidi, na pande zote mbili hukosea. Wapingaji hudhani kuogopa kunatosha. Watetezi wa wasio na makazi nao hudhani hofu ya watu haina nafasi yoyote kisheria. Mahakama zimesema jambo lililo katikati.

Kesi inayotajwa zaidi ilitoka Walsall, katika miaka ya 1990. Idara iliyosimamia watu walio kwenye dhamana na chini ya uangalizi ilitaka kupanua hosteli yake. Ikakataliwa, na Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono kukataliwa huko. Lakini angalia kwa nini: hosteli ilikuwa tayari inafanya kazi, na palikuwa na matukio halisi ya usumbufu kwa majirani yaliyohusishwa nayo. Hofu ilikuwa na ushahidi nyuma yake. Kesi zilizofuata zimekazia kwamba hofu lazima iwe na msingi unaoeleweka na itokane na matumizi yenyewe ya ardhi. Kuwadhania tu watu watakaoishi pale hakutoshi.

Kwa hiyo anayesema "wasio na makazi ni wezi" hajasema lolote ambalo diwani anaweza kuliandika kwenye uamuzi. Anayesema "mlango wa kuingilia uko kwenye uchochoro usio na taa, na mpango hauelezi kama kutakuwa na mfanyakazi usiku" amesema jambo zito, na mara nyingi jibu lake si kukataa. Ni sharti. Halmashauri inaweza kudai mpango wa usimamizi, wafanyakazi saa 24, taa, kamera, idadi ya juu ya wakazi, na namba ya simu ya kupigiwa na majirani. Masharti kama hayo yakivunjwa, halmashauri ina nguvu za kisheria za kuchukua hatua. Binafsi naamini mtaa unaodai masharti mazuri hupata mengi kuliko mtaa unaodai kukataliwa tu, na wanaoingia hosteli nao hupata mahali penye usalama zaidi. Mama aliyekimbia kipigo nyumbani anahitaji taa kwenye uchochoro ule kuliko jirani yeyote.

Dhana: "Madiwani ndio wanaoamua kila kitu, wakisema hapana imekwisha"

Kwanza, zaidi ya maamuzi tisa katika kila kumi hufanywa na maafisa kwa madaraka waliyokabidhiwa, bila kikao. Kwenye kamati ya madiwani hufika maombi makubwa au yenye mvutano. Huko afisa hutoa mapendekezo yake, kisha mpingaji na mwombaji hupewa muda wa kusema, mara nyingi dakika tatu kila mmoja. Dakika tatu ni chache mno. Anayezitumia kulalamika jinsi mtaa ulivyokuwa zamani amezitupa.

Madiwani wana haki ya kwenda kinyume na pendekezo la afisa. Wakifanya hivyo kwa kukataa, lazima wataje sababu za mipango miji zinazoweza kusimama, maana mwombaji ana miezi sita ya kukata rufaa kwa maombi ya aina nyingi. Rufaa inaamuliwa na mkaguzi kutoka taasisi ya serikali kuu yenye makao makuu Bristol. Mkaguzi huyo hana wapiga kura mtaani. Hupima upya jambo zima, na akiona halmashauri ilikataa bila msingi anaweza kuiamuru ilipe gharama za mwombaji, fedha zinazotoka kwenye mfuko uleule wa huduma za wakazi. Tena kama halmashauri imeshindwa kuonyesha ardhi ya kutosha kwa nyumba za miaka mitano ijayo, mizani huinamia upande wa kuruhusu.

Hili linaniuma. Diwani anayejua kabisa kwamba kukataa hakutasimama, lakini akapiga kura ya hapana kwa sababu ukumbi umejaa watu wenye hasira, amewadanganya watu wale. Miezi kadhaa baadaye mkaguzi hutoa kibali, pengine bila masharti ambayo madiwani wangeweza kuyajadili kwa utulivu. Na katika miezi hiyo vitanda havijawepo.

Dhana ndogo inayoambatana na hii: kwamba diwani aliyetoa maoni kwenye kampeni haruhusiwi kupiga kura. Sheria ya mwaka 2011 iliweka wazi kwamba kauli za nyuma peke yake hazimaanishi amefunga akili. Kinachotakiwa ni aingie kikaoni akiwa tayari kusikiliza.

Dhana: "Wakiruhusu, sisi majirani tutakata rufaa"

Hapana. England haimpi jirani haki ya rufaa, mwombaji tu ndiye anayo. Jirani hubaki na mlango wa Mahakama Kuu, ndani ya wiki sita, na huko hoja ni kama halmashauri ilivunja sheria katika kuamua, si kama iliamua vibaya. Ni njia ya gharama kubwa. Jamhuri ya Ireland ni tofauti: kule mtu aliyetoa maoni rasmi anaweza kukata rufaa dhidi ya kibali, na huenda uvumi huu ulivuka bahari kutoka huko.

Dhana: "Halmashauri haiwezi kujipa kibali yenyewe"

Inaweza, kwa utaratibu wa wazi, na maombi yake hupimwa kwa vigezo vilevile. Lewisham, kusini mashariki mwa London, halmashauri iliweka nyumba 24 za muda kwa familia zisizo na makazi kwenye kiwanja cha Ladywell palipokuwa na kituo cha michezo kilichobomolewa. Zilikamilika mwaka 2016, na chini yake kulikuwa na nafasi za biashara. Zilitengenezwa kiwandani ili siku moja zifunguliwe na kuhamishiwa kwingine. Kiwanja ambacho kingekaa wazi miaka mingi kikisubiri mradi mkubwa kikapata familia. Na si halmashauri peke yake: Mitcham, kusini mwa London, mwaka 2015, shirika la hisani la YMCA lilifungua vyumba 36 vya mita za mraba 26 kila kimoja, kwa watu wanaotoka hosteli kwenda maisha ya kujitegemea.

Dhana: "Wasio na makazi ni wale walevi wa barabarani, na wageni"

Hakuna dhana inayopotosha maamuzi kama hii. Hesabu rasmi ya usiku mmoja wa vuli mwaka 2024 ilikuta watu 4,667 wakilala nje England nzima. Lakini kaya zilizokuwa kwenye makazi ya muda yaliyotolewa na halmashauri mwezi Machi 2025 zilizidi 130,000, zikiwa na watoto zaidi ya 160,000. Hao hawaonekani barabarani. Wanakwenda kazini, wanapeleka watoto shule kwa mabasi mawili, wanapika kwa zamu kwenye jiko la pamoja, au wanakula vya kununua kwa sababu chumba hakina jiko. Miongoni mwa sababu kuu zilizowafikisha huko ni mwenye nyumba kukatisha mkataba wa upangaji. Wengi hawakunywa wala kuiba. Walipokea barua tu.

Sheria inasema familia yenye watoto isikae zaidi ya wiki sita kwenye hoteli za kushirikiana jiko au bafu. Halmashauri nyingi zimeshindwa kuitii kwa sababu hazina pa kuwahamishia. Mwaka wa fedha 2023/24 makazi ya muda yalizigharimu halmashauri za England takriban pauni bilioni 2.3. Kila hosteli nzuri au jengo la nyumba za bei nafuu linalokwama kwenye kamati hurudisha familia kwenye bili hiyo.

Kuhusu wageni: mtu ambaye viza yake imeandikwa kwamba hana haki ya fedha za umma kwa kawaida hastahili hata kupewa makazi haya. Na wanaoomba hifadhi, wanaowekwa hotelini na serikali kuu, ni mfumo mwingine kabisa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi ya hoteli ya The Bell kule Epping mwaka 2025. Halmashauri ilidai hoteli imebadilishwa matumizi bila kibali, ikapata zuio la muda Mahakama Kuu mwezi Agosti, siku kumi baadaye Mahakama ya Rufaa ikalitengua, na Novemba Mahakama Kuu ikakataa zuio la kudumu. Watu wengi tangu wakati ule huchanganya mambo haya mawili, na familia ya kawaida inayosubiri nyumba ya kaunsili hujikuta ikibeba hasira zisizoihusu.

Dhana: "Kibali kikitoka, nyumba zimepatikana"

Kibali hufa kama ujenzi haujaanza ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida miaka mitatu. Mjenzi pia anaweza kurudi na kuomba apunguziwe idadi ya nyumba za bei nafuu alizoahidi kwenye mkataba na halmashauri, akisema mradi haulipi. Maombi hayo ya pili mara nyingi hayana mtu wa kuyafuatilia.

Dhana: "Lazima uwe raia, au mwenye nyumba, ndipo utoe maoni"

Mtu yeyote anaweza. Mpangaji, mwanafunzi, mwenye viza, hata anayeishi kwenye makazi ya muda mtaa wa pili. Unahitaji jina, anwani na namba ya maombi. Muda wa kawaida ni siku 21, ingawa halmashauri nyingi hupokea maoni hadi siku ya uamuzi. Jua tu kwamba maoni kwa kawaida huwekwa hadharani, mara nyingi pamoja na jina, hivyo usiandike habari za afya yako au za watoto.

Na barua za kuunga mkono zinapokewa sawa na za kupinga. Maafisa huzipata chache, kwa sababu anayehitaji nyumba hana habari kwamba kuna tangazo kwenye nguzo. Aya moja inatosha: taja kwamba mpango wa eneo unatambua uhitaji wa makazi ya aina hii, kwamba basi na shule viko karibu, na sharti unalotaka liwekwe.