Benki Kuu na Bei ya Dhahabu: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Dhana: Benki kuu zikikubaliana, bei hukaa pale zinapotaka.

Zilishajaribu, tena waziwazi, zikashindwa. Mwaka 1961 benki kuu za Marekani na za nchi saba za Ulaya zilichangishana dhahabu ili bei katika soko la London isipande juu ya dola 35 kwa wakia. Wanunuzi walipozidi, zilimwaga dhahabu sokoni. Walanguzi wakatambua kwamba akiba hiyo ina mwisho. Ufaransa ikajitoa 1967, na Novemba mwaka huo Uingereza ikashusha thamani ya pauni. Kuanzia hapo watu walinunua kwa pupa, na walikuwa na sababu: aliyenunua kwa 35 alijua bei haiwezi kushuka sana, ila siku benki zikichoka itapaa. Kwa kuing'ang'ania bei, benki zenyewe ziliwapa walanguzi biashara isiyo na hasara. Machi 1968 soko la London lilifungwa kwa wiki mbili, na mpango ukafa.

Dhana: Benki kuu zikinunua kwa wingi, bei lazima ipande.

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana watu huweka akiba zao kwa kuiamini. Mwaka 2022 benki kuu zilinunua zaidi ya tani 1,000, lakini bei ilimaliza mwaka karibu palepale ilipoanzia, dola 1,800 na ushee. Mwaka huohuo Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 4. Dhahabu haizai riba. Dola ikilipa vizuri, wengi huikimbilia. Manunuzi yana uzito wake, sikatai: yalizidi tani 1,000 tena 2023 na 2024, na bei ikapanda ingawa riba ilikuwa bado juu. Ila anayetazama manunuzi peke yake anaona nusu ya soko.

Dhana: Wakubwa wana taarifa za ndani, hawakosei.

Mei 1999 Hazina ya Uingereza ilitangaza kwamba itauza zaidi ya nusu ya dhahabu yake. Bei ikashuka kabla hata ya mnada wa kwanza. Kufikia 2002 zilikuwa zimeuzwa tani 395 hivi, kwa wastani wa dola 275 kwa wakia. Mwaka 2011 wakia moja ilizidi dola 1,800.