Siku ya kutoka Lang'ata huandaliwa wiki ya kwanza

Mwanamke aliyekuwa akitumia heroini akikaa miezi michache katika gereza la wanawake la Lang'ata bila kuigusa, mwili wake huacha kuizoea. Kiasi kilekile alichozoea kabla ya kukamatwa sasa kinaweza kumuua, na wiki mbili za kwanza baada ya kutoka ndizo za hatari zaidi. Ndiyo maana mimi kama mshauri huanza kuiandaa siku ya kutoka tangu wiki anayoingia. Tena wengi hawana mwezi wa mwisho wa kujiandalia. Mahabusu huenda kortini asubuhi akaachiliwa hukohuko; mwingine jamaa zake hulipa faini, akatoka bila mshauri kujua.

Kwanza, arosto, yaani maumivu ya mwili unaponyimwa kileo ulichokizoea. Ya heroini huanza saa 8 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, na siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kuliko zote. Mjamzito asikatishwe heroini ghafla. Anahitaji methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, chini ya daktari. Lakini inayonitia hofu zaidi ni ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Mikono ikitetemeka siku ya kwanza, degedege laweza kumpata ndani ya saa 48, kisha akaanza kuona visivyokuwepo. Huyo ni wa hospitali. Sindano ya vitamini B1 itangulie dripu ya glukosi, la sivyo ubongo waweza kudhurika.

Sasa kiwewe. Wengi wamepigwa au kubakwa kabla ya kuingia, na unga, yaani heroini, ndio uliowapa usingizi. Ukiwaondolea unga, kumbukumbu zinarudi zote kwa pamoja, tena mahali ambapo mtu anaamriwa avue nguo. Upekuzi unaweza kufanywa bila kulifukua jeraha: afande wa kike amweleze kila hatua kabla ya kumgusa, avue nguo za juu zikaguliwe, azivae, ndipo avue za chini. Asiwe uchi mzima hata dakika moja. Njia hii haipunguzi usalama wa gereza hata kidogo.

Katika kikundi cha ushauri, wanawake 8 wanatosha. Usimwombe yeyote asimulie kubakwa kwake mbele ya wenzake. Wafundishe kwanza kujirudisha: nyayo sakafuni, ataje vitu vitano anavyoviona, avute pumzi polepole. Mazungumzo mazito yawe asubuhi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuyafungua alasiri. Wadi zikifungwa jioni, mwanamke anabaki na maumivu hayo usiku kucha bila mtu wa kumshika mkono.

Aliye kwenye methadoni atoke na barua ya kliniki, yenye dozi na tarehe aliyokunywa mara ya mwisho. Nairobi atapokelewa hospitali ya Mathari, methadoni ilikoanzia kutolewa mwaka 2014, au kliniki ya Ngara. Akikosa siku tatu mfululizo asirudishiwe dozi yake yote kabla ya kupimwa upya. Kama anameza dawa za TB, mkumbushe mhudumu: rifampisini hupunguza methadoni mwilini, arosto inarudi, na mama wa watu anaambiwa anadanganya ili aongezewe.

Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, hawezi kujidunga akiwa amezimia, kwa hiyo wa kufundishwa ni dada yake au jirani: miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, irudiwe baada ya dakika 2 au 3 asipopumua vizuri, alazwe ubavu, kisha hospitali. Dawa hiyo huisha nguvu kabla ya heroini, anaweza kuzimia tena.

Muulize mapema: usiku wa kwanza utalala wapi? Jibu likiwa ni kwa mwanamume aliyekuwa akimpiga au kumletea unga, afisa wa probesheni aanze kutafuta jamaa mwingine hapohapo. Mtoto aliyezidi miaka 4 haruhusiwi kukaa na mama gerezani, hivyo nyanya anayemlea naye atayarishwe. Kitambulisho kitafutwe kwenye stoo ya mali za wafungwa, au kituo cha polisi alikokamatiwa. Na nambari mbili za bure, 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na 1195 ya dhuluma za kijinsia, azikariri kichwani, maana wengi hutoka bila simu.