Baiskeli ya tairi moja: fremu ndiyo kazi nyepesi

Kila anayenikuta nikichambua chuma chakavu ili niunde baiskeli ya tairi moja hunipa ushauri uleule: "Si ukate tu baiskeli katikati, ubaki na nusu ya nyuma?" Ukiitazama haraka, hoja ina mvuto. Nusu ya nyuma ina tairi, ina kiti, ina pedeli. Kinachokosekana ni usukani, na usukani wenyewe huuhitaji.

Lakini nusu unayoitaka ni ya mbele. Jamaa wa karibu wa baiskeli ya tairi moja ni ile baiskeli ya Uingereza ya miaka ya 1870, yenye tairi kubwa mbele na dogo nyuma, ambayo krenki zake, ile mikono inayobeba pedeli, zilifungwa kwenye ekseli, yaani chuma cha katikati, ya tairi la mbele lenyewe. Hakuna mnyororo, hakuna frihwili, ile gia inayoacha tairi lizunguke mguu ukiwa umetulia. Mguu ukisimama, tairi limesimama. Ukirudisha mguu, tairi nalo linarudi. Balansi yote inatoka hapo, kwa sababu mpanda tairi moja hurekebisha mwili kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya mguu kila nukta. Ukimpa tairi la nyuma lenye frihwili, akikanyaga kinyumenyume atakanyaga hewa na kuangukia mgongo.

"Habu ya kawaida inafaa, funga krenki tu"

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Kwenye baiskeli ya kawaida ekseli ya tairi haizunguki: imekazwa kwa nati kwenye fremu, na habu, kile kitovu kinachoshika spoku, ndiyo inayoizunguka juu ya gololi. Kwenye tairi moja mambo yamepinduka. Ekseli na habu ni kitu kimoja, vinazunguka pamoja, na beringi zimehamia nje, kati ya habu na krenki, zikishikwa na miguu ya fremu. Hakuna nati utakayokaza ikaigeuza habu ya kawaida kuwa hivyo.

Fundi mjanja atasema: basi chukua ekseli ya pedeli, ile inayounganisha krenki mbili chini ya fremu, ipitishe kwenye kombe la habu ya chuma, ichomelee. Nilifanya hivyo. Ilikatika wiki niliyoanza kujigamba, karibu kabisa na mshono. Ekseli ya pedeli imefanywa ngumu kwa moto kiwandani ili gololi zisiilie. Ukiichomelea, sehemu iliyo kando ya mshono inakuwa kavu kama kigae. Tena ni fupi. Fremu ya tairi moja kwa kawaida huacha milimita 100 kati ya beringi na beringi, na bado krenki zinahitaji nafasi yake nje.

Njia iliyonifaa ni kwenda kwa mkereza vyuma na kipande cha chuma laini. Namba ya kumpa ni 17: sehemu mbili za kukalia beringi ziwe milimita 17, kwa sababu beringi namba 6203 ina tundu la milimita 17 na kipenyo cha nje cha milimita 40. Hiyo si ya kuagiza ng'ambo, duka lolote la beringi linayo. Ncha mbili zipunguzwe hadi 16, zikubali krenki za pini, zinazofungwa kwa kipande cha chuma kinachopigiliwa kando ya ekseli, za baiskeli kubwa za zamani. Katikati chomelea visahani viwili vya chuma vilivyotobolewa matundu ya spoku. Chuma laini hakikatiki ovyo kwenye mshono; ukianza kurukaruka nacho ngazini kitapinda, na utakuwa umepewa onyo.

Jambo dogo linalosumbua watu nusu siku: pini za krenki mbili huingizwa kutoka pande zinazopingana. Zikiingia upande mmoja, krenki hazitanyooka kwa mstari mmoja, na mpandaji atachechemea kama ana mguu mfupi.

"Uma wa mbele umepinda, kwa hiyo haufai"

Unafaa sana kuwa fremu. Ule mpindo wa kwenda mbele unaondoka kwa kunyoosha taratibu, au kwa kukata miguu juu ya mpindo na kuunga bomba lililonyooka. Ukiuacha, ekseli itakaa mbele ya kiti, nawe utakuwa unapambana na jambo ambalo si kosa la miguu yako.

Kinachonifurahisha kwenye uma ni jinsi vipimo vinavyokubaliana. Uma wa kawaida wa mbele una nafasi ya milimita 100 chini, ileile inayotakiwa. Bomba lake la juu, kwenye baiskeli nyingi za zamani, lina milimita 25.4 kwa nje. Sasa tafuta fremu ya chuma iliyokuwa ikipokea nguzo ya kiti ya 25.4, ukate kipande cha bomba lake la kiti: kinavikwa juu ya bomba la uma kama vimezaliwa pamoja. Pima kwa vernia kabla ya kukata, maana si kila uma ni wa familia hiyo. Sehemu yenye hesi, yaani nyuzi za skrubu, ikate uitupe, ndiyo inayokatika kwanza.

Chini, badala ya mdomo wa kushikia ekseli, weka vikombe viwili vya kubana beringi: kipande cha bomba chenye tundu la milimita 40, kimepasuliwa nusu kwa nusu, nusu ya chini inashikwa kwa bolti. Na hapa mkono mzito ni adui. Ukibana hadi bolti ilie, kikombe kinaminya beringi na tairi linakuwa zito. Kaza mpaka beringi isicheze, halafu zungusha tairi kwa kidole. Likisita, legeza kidogo.

"Bomba nene ndilo imara"

Nimeona moja iliyotengenezwa kwa mabomba ya maji. Ilikuwa imara, ndiyo, kama nguzo ya geti. Bomba la baiskeli ni jembamba lakini linatosha; linachohitaji ni mchomeleaji anayepunguza moto na kutumia rodi za milimita 2.5, la sivyo litatoboka. Na bomba la maji lina zinki: moshi wake unaleta homa na kutetemeka ambako unaweza kudhania ni malaria. Kromu nayo iondolewe kwanza, ukiwa umevaa barakoa.

"Rimu yoyote, krenki yoyote"

Hesabu matundu kabla ya kutoboa visahani. Baiskeli nyeusi za muundo wa Kiingereza zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma. Nyingine nyingi zina 36. Suka spoku kwa kupishana, zisinyooke moja kwa moja kutoka habu, kwa sababu nguvu ya mguu inapita humo mbele na nyuma. Rimu ikae katikati kabisa, isiegemee upande kama ilivyo kwenye tairi la nyuma lenye gia.

Krenki za mtu mzima ni kama milimita 170. Tairi la inchi 20, ambalo kila mtu husema ni la wanaojifunza, lina takriban milimita 250 kutoka ekseli hadi chini. Zinabaki 80, na bado hujatoa unene wa pedeli. Ukiinama kwenye kona inagonga ardhi. Wanaonunua za dukani hupewa krenki fupi. Sisi wa chuma chakavu tuna heri ya kuchukua rimu ya inchi 24.

Kiti cha baiskeli kitakubeba, ila kitakuadhibu: uzito karibu wote uko juu yake, si kwenye pedeli. Viti vya kazi hii vimeinuka mbele na nyuma kama ndizi. Sponji na kipande cha ngozi husaidia.

Kuhusu breki, mwanafunzi hazihitaji, mguu ndio breki. Na wanaosema hiki ni chombo cha sarakasi tu, Mwingereza Ed Pratt aliondoka kwao 2015 juu ya tairi moja la inchi 36 akaizunguka dunia, akarudi 2018.

La mwisho ni dhana niliyoishi nayo mwenyewe, kwamba chombo hiki hakina mbele wala nyuma. Kinazo. Pedeli ya kushoto ina hesi ya kinyume, na ile ya kulia hesi ya kawaida, ili zisifunguke ukienda mbele. Kwa hiyo ukiona pedeli zinalegea kila jioni, weka spana chini kwanza, geuza kiti.