Huduma mseto ya kupunguza uzito: simu inabeba namba, mtu anazisoma

Kuanzia Mwanjelwa hadi Mafinga, mtu akishapakua programu ya kuhesabu hatua na kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kupunguza mwili, anasema yuko kwenye huduma mseto na ana kocha. Mara nyingi hana.

Huduma mseto ni mpango ambao wewe unarekodi uzito, chakula na mazoezi yako kwenye simu, halafu mtaalamu wa lishe au wa mabadiliko ya tabia anazisoma rekodi hizo kila siku mliyokubaliana na kurekebisha mpango wako kwa alichokiona. Hapo kwenye kurekebisha ndipo penye huduma yenyewe, na ndipo watu wanaporuka.

Ujumbe wa saa mbili usiku unaokupongeza kwa kufikisha hatua 8,000 si ukocha. Uliandikwa mara moja, ukatumwa kwa kila mtu. Anayekuuzia unga wa kukoroga na kukudai picha ya mizani kila Jumatatu naye si kocha, ni muuzaji. Uzito ukigoma kushuka, atakuletea kopo jingine. Hata ukiwa na programu nzuri na mtaalamu mzuri, kama mtaalamu huyo hajawahi kufungua rekodi zako, una vitu viwili visivyojuana.

Mchukue mama wa Iringa anayejaza kila siku ugali, maharage na mchicha. Programu inamwonyesha kalori 1,400, lakini wiki ya tatu mizani haijasogea. Programu itamwambia apunguze tena. Kocha anaanza kwa kuuliza: mafuta uliyapimaje? Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kina kalori zipatazo 120, na anayemimina kutoka kwenye dumu kwa kukadiria huongeza vijiko viwili vitatu bila kujua. Swali la pili ni ugali: uliandika gramu za unga au za ugali ulioiva? Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina kalori kama 360, lakini ugali ulioiva umejaa maji, hivyo gramu 100 zake zina kalori chache zaidi. Ukichanganya hizo mbili, hesabu ya siku nzima imeharibika. Kisha kuna vitu ambavyo programu za nje hazina kabisa, ulanzi (pombe ya mianzi) kwa mfano, na mtu asipokiona kitu kwenye orodha hukiacha. Ndiyo maana mtaalamu wa hapa anashika pia jedwali la viinilishe vya vyakula vya Tanzania lililotolewa 2008, hategemei orodha ya programu peke yake.

Namba zinazotoka kwenye simu na kwenye mizani nazo zinahitaji msomaji. Uzito hupanda na kushuka kilo 1 hadi 2 kwa sababu ya maji, chumvi na chakula kilichoko tumboni. Pima asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai, mizani ikiwa kwenye sakafu ngumu, kisha linganisha wastani wa wiki hii na wastani wa wiki iliyopita. Simu iliyoachwa kwenye mkoba kando ya shamba haikuhesabu hata jembe moja ulilopiga, na hatua elfu za kupanda mlima inaziandika sawa na hatua elfu za tambarare.

Kuna jambo moja ambalo halina mzaha. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide akikata ugali nusu kwa kufuata programu, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, na anaweza kupoteza fahamu. Mtaalamu anauliza dawa unazotumia kabla hajagusa sahani yako, na anakurudisha kwa daktari ili dozi iangaliwe kwanza.

Simu yenyewe si kiini cha jambo hili. Utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani, matokeo yake yakachapishwa 2002, uliwapa watu walio hatarini kocha, vikao 16 vya mwanzo, lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Visa vipya vya kisukari vilipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Chakula walikuwa wanakiandika kwenye karatasi. Kilicholetwa na simu ni kufupisha njia: mtu wa Makete au Ludewa anafikisha vipimo vyake mjini bila nauli, na kosa linaonekana wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo, kama unatumia programu peke yako, sema unajirekodi. Kujirekodi kunasaidia na hakuna haja ya kuipa kazi hiyo jina jingine. Kama kuna mtu anayekutia moyo tu, huyo ni mhamasishaji, naye ana kazi yake. Ukitaka mseto wenyewe, jaza rekodi za wiki mbili, pamoja na mafuta, sukari ya chai na pombe, kisha nenda nazo kwa afisa lishe wa halmashauri yako au kliniki ya lishe ya hospitali. Mwombe mpange siku ya kuzipitia, na mtakapokutana tena muulize ni kitu gani kwenye mpango wako amekibadilisha kwa sababu ya rekodi hizo.