Kiwanda kimefungwa, udongo je? Maswali na majibu

Kiwanda kilifungwa zamani na mvua zimenyesha miaka yote hii. Sumu haijaisha?

Inategemea ni sumu gani. Dizeli na mafuta yaliyomwagika huliwa polepole na vijidudu vya udongoni. Metali kama risasi, aseniki na kadimi hazina mdudu wa kuzimaliza. Risasi hung'ang'ania sentimita chache za juu, palepale watoto wanapochezea, na hukaa hapo vizazi na vizazi. Kwa hiyo pahala palipoyeyushwa betri, palipochenjuliwa madini au palipotiwa dawa nguzo za mbao pashukiwe hata kama leo ni nyasi tupu. Msitegemee harufu wala rangi ya udongo. Jibu litatoka maabara.

Sumu hiyo inamfikiaje mtu?

Kwa risasi, njia kuu ni mdomo. Vumbi linatua sakafuni na kwenye vyombo, mtoto anatambaa, kisha analamba vidole. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi. Inaharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kwa watu wazima hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Risasi iliyojificha mifupani hutoka tena wakati wa ujauzito na kumfikia mtoto tumboni.

Wengi hawaonyeshi dalili yoyote, kwa hiyo msisubiri mtoto augue ndipo apimwe damu. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kuwa salama. Mwongozo wake wa 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa pale damu inapofikisha mikrogramu 5 kwa desilita.

Si bora watoto wapewe dawa kwanza, ardhi ifuate?

Hamu hiyo naielewa, maana mzazi hawezi kutulia huku mwanawe ana sumu mwilini. Lakini dawa za kutoa risasi mwilini hutolewa kwa walioathirika sana, na mtoto akirudi kwenye vumbi lilelile anaanza upya.

Tazameni jimbo la Zamfara, Nigeria. Mwaka 2010 iligundulika kwamba mamia ya watoto walikuwa wamekufa katika vijiji ambako mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi yalisagwa majumbani. Udongo wa juu ulichotwa nyumba kwa nyumba, ukafukiwa mbali na makazi, na udongo safi ukaletwa. Watoto walitibiwa baada ya nyumba zao kusafishwa. Kijiji cha Bagega kilingoja fedha za kazi hiyo hadi 2013, na matibabu ya watoto wake yakangoja pamoja nacho. Kucheleweshwa kwa fedha za udongo kulikuwa kucheleweshwa kwa tiba.

Usafishaji hufanywaje?

Kwanza sampuli zichukuliwe sehemu nyingi na kwa kina tofauti, pamoja na nyua za nyumba na visima. Watafuteni wafanyakazi wa zamani, kwani wao ndio wanaojua taka zilimwagwa wapi. Baada ya hapo udongo mchafu huondolewa, au hufunikwa kwa tabaka nene la udongo safi juu ya kitambaa cha alama kinachomwonya atakayechimba baadaye, au huchanganywa na fosfeti au saruji ili metali zisitembee.

Niseme wazi: kuchimba ovyo ni hatari kuliko kuacha. Tingatinga likiingia kiangazi bila maji, sumu iliyolala inageuka vumbi la kijiji kizima. Daini udongo unyunyiziwe maji, malori yafunikwe turubai, na wafanyakazi wabadili nguo na kuoga kabla ya kwenda nyumbani. Ulizeni pia udongo huo unapelekwa wapi, usije ukaangukia kijiji cha jirani.

Maji ya kisima tuyachemshe?

Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Metali zinabaki, tena maji yakipungua sufuriani zinakolea. Kisima kinachoshukiwa kisitumike hadi kipimwe.

Na mboga?

Miti ya matunda ina nafuu, kwani metali chache hufika kwenye tunda. Mboga za majani hubeba vumbi na hufyonza kadimi. Mizizi hutoka na udongo, hivyo ioshwe na kumenywa. Kwa sasa lima kwenye matuta yaliyoinuliwa, kwa udongo ulioletwa kutoka mahali salama.

Tukiwa tunasubiri tufanye nini?

Pigeni deki kwa kitambaa kibichi, msifagie kwa ufagio mkavu. Viatu viachwe nje. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kulala. Msichote kifusi cha kiwandani kujengea, na msitumie mapipa yake kuhifadhi maji.

Nani alipe, na tutajuaje kazi imekwisha?

Sheria za mazingira za nchi nyingi zinasema mchafuzi ndiye mlipaji. Kampuni ikiwa imetoweka, mzigo huangukia serikali, na hapo barua ya kijiji yenye majibu ya maabara ina nguvu kuliko malalamiko ya mdomo. Msikubali makabidhiano kabla ya sampuli mpya kuchukuliwa baada ya usafishaji. Kama sumu imefunikwa tu, ramani yake ibaki ofisi ya kijiji, ili mtu atakayenunua kiwanja hapo ajue kabla hajachimba msingi.