Kiwewe cha vita: tiba ipi ya mazungumzo inasaidia zaidi?

Baba yangu alipigana Vita vya Kagera. Sasa tunaishi naye hapa Moshi. Radi ikipiga usiku, anatoka kitandani na kwenda kukaa nyuma ya mlango. Ni uzee tu?

Uzee hauchagui radi. Vita vile vilikwisha 1979, lakini kiwewe hakina kalenda. Ndoto za vita, kushtuka ovyo na kukwepa chochote kinachokumbusha yaliyopita, vikidumu zaidi ya mwezi na kuvuruga maisha, ni ugonjwa unaotibika. Hata hivyo daktari ampime kwanza, maana kwa umri wake kunaweza kuwa na jingine pia.

Sisi humwambia asahau, yamepita.

Najua mnamwambia kwa upendo. Ila yeye anasikia "nyamaza".

Tiba zenyewe zinatofautianaje?

Nianze na ninayoipenda zaidi, ya kusimulia maisha. Mgonjwa hulaza kamba sakafuni, mwanzo wake ukiwa siku aliyozaliwa. Anaweka ua palipo na heri, labda harusi au mtoto wa kwanza, na jiwe palipo na baya. Ncha ya mwisho huachwa imeviringishwa: ndiyo miaka ambayo bado hajaiishi. Kisha, kikao baada ya kikao, hurudi kwenye mawe pole pole. Ulikuwa wapi? Ulisikia nini? Mwili ulifanyaje, na sasa hivi unafanyaje? Mtaalamu huandika, na kikao kinachofuata humsomea.

Tiba hii ilijaribiwa katika kambi ya Imvepi, Uganda, kwa wakimbizi 43 wa Sudan, na matokeo yakatolewa 2004. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 29 tu ya waliosimulia walikuwa bado na ugonjwa. Kwa waliopewa ushauri wa kutiwa moyo, au elimu peke yake, ilikuwa karibu 80. Lakini katika matokeo ya 2008 kutoka Nakivale, kambi nyingine ya Uganda, kwa Wanyarwanda na Wasomali 277, ushauri nasaha uliifikia karibu kabisa: 65 walipona kwa kila mia, dhidi ya 70 wa kusimulia. Waliohudumia walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa, si madaktari. Kwa hiyo sitakuapia kwamba njia ni moja.

Nyingine hushughulikia mawazo yaliyoganda, kama "ni kosa langu". Mashariki mwa Kongo ilifanywa kwa vikundi, kwa wanawake waliobakwa, na ikawashinda kwa mbali wale waliopata msaada wa mmoja mmoja. Ipo pia ya kufuata kidole kwa macho huku ukikumbuka tukio. Inaonekana kama mazingaombwe, nakiri, ila Shirika la Afya Duniani linaipendekeza.

Mashahidi wa mauaji ya kimbari ya Rwanda walisimulia yote mahakamani Arusha. Je, hiyo haikuwa tiba?

Hapana. Mahakama ile, iliyofungwa 2015, ilitafuta ukweli wa kesi. Wakili anakukatiza, anadai tarehe, anakupinga. Kwenye tiba, hatua ni zako, na ukishindwa mnapumzika.

Vipi dawa za usingizi?

Diazepamu ya kununua dukani humlaza usiku mmoja, kisha humzoesha. Kumbukumbu haiguswi. Zipo dawa za sonona zinazosaidia, ila aandike daktari.

Nimwanzie wapi mzee?

Si sebuleni mbele ya wajukuu, na usimwombe asimulie vita. Mwamkie, kaa naye mkiwa wawili, kisha: "Baba, naona hulali. Twende hospitali ya KCMC, kuna idara ya afya ya akili, nitakaa nje nikusubiri." Mwonye pia mapema kwamba wiki za mwanzo ndoto huweza kuongezeka kidogo, asije akaacha kikao cha pili akidhani anazidi kuumwa. Na siku ya kikao msimpangie shughuli nyingine. Huchosha kuliko kulima.