Muuguzi akichomwa sindano saa nane usiku, dawa iko wapi?

Sindano nyingi zinazowachoma wauguzi huwachoma mgonjwa akiwa ameshahudumiwa. Damu imeshatolewa, kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, imekaa vizuri, mgonjwa amejifunika shuka lake, na muuguzi amebaki na sindano mkononi akitafuta pa kuitupa. Boksi la kutupia lipo, ila liko chumba cha dawa, upande wa pili wa wodi. Au liko karibu lakini limejaa hadi sindano zinachungulia mdomoni. Hapo ndipo mtu anapoirudishia kifuniko kwa mikono miwili, au anaiacha kwenye trei chini ya pamba, na asubuhi mfanya usafi anaigundua kwa kidole chake.

Ukisoma taarifa ya tukio la namna hiyo, kama iliandikwa, sehemu ya chanzo mara nyingi imejazwa maneno mawili: "hakuwa makini". Mimi nikiyaona hayo maneno najua uchunguzi haujafanyika. Muuguzi aliyeachiwa wodi nzima peke yake tangu jioni hadi alfajiri hawezi kuwa makini kila dakika, na kazi haitakiwi kupangwa kwa kutegemea kwamba ataweza. La kuuliza ni boksi lilikuwa umbali gani kutoka kitandani, nani amepewa jukumu la kulibadilisha, na zamu ile ilikuwa na watu wangapi kwa wagonjwa wangapi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Boksi la sindano linapanda kwenye toroli na kwenda na muuguzi hadi kando ya kitanda. Likifika robo tatu linafungwa na kutolewa. Halishindiliwi wala halitikiswi ili sindano zishuke. Sindano iliyotumika haifunikwi, haipindwi, haichomolewi kwenye bomba kwa mkono. Ikitokea hakuna budi kuifunika, kifuniko kinalazwa kwenye trei na kuchotwa na sindano kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa mbali. Wauguzi wote wamefundishwa haya chuoni. Yanayowashinda ni wodi ambayo maboksi yanatolewa stoo kwa kuhesabiwa kama posho, kisha tunashangaa kwa nini yanajazwa kupita kiasi.

Sasa tuseme imeshatokea, na ni saa nane usiku. Muuguzi avue glavu, anawe kwa maji yanayotiririka na sabuni. Asikikamue kidole, asikitie spiriti wala jiki; kukamua na kuunguza ngozi hakumsaidii chochote. Kama damu imemrukia jichoni, asuuze kwa maji safi mengi. Kisha atoe taarifa hapo hapo kwa msimamizi wa zamu, kwa sababu kuanzia dakika hiyo muda una thamani.

Uwezekano wa kupata VVU kwa kuchomwa sindano yenye damu ya mtu mwenye maambukizi ni takriban 0.3%, yaani watu watatu kati ya 1000 waliochomwa. Ni mdogo, lakini si sifuri, na sindano yenye tundu, kama ile ya kutolea damu, hubeba damu nyingi kuliko ya kushonea. Dawa kinga, ambazo wahudumu wote wanaziita PEP, zinatakiwa kuanza ndani ya saa chache, zikianza ndani ya saa mbili ni bora zaidi. Zikipita saa 72 hazianzishwi tena. Zinamezwa kwa siku 28 bila kuruka. Mgonjwa ambaye damu yake ilikuwa kwenye sindano anaombwa ridhaa apimwe, lakini dozi ya kwanza haisubiri majibu yake. Akikutwa hana maambukizi, uamuzi wa kuacha dawa utafanywa baadaye.

Mambo hukwama kwenye kabati. Vituo vingi huweka dawa hizi kwenye kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, ambayo hufunguliwa asubuhi siku za kazi. Ajali ya Ijumaa usiku inamkuta muuguzi akipiga simu kwa mwenye ufunguo, naye simu yake imezimwa. Anaambiwa asubiri Jumatatu. Kuanzia saa nane ya usiku wa kuamkia Jumamosi hadi Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa 54, na kama Jumatatu yenyewe ni sikukuu, saa 72 zimekwisha. Dawa inakuwepo kituoni muda wote huo, nyuma ya kufuli. Kituo chochote kinacholaza wagonjwa usiku kinapaswa kuwa na dozi za kuanzia mahali pasipofungwa, ama dharura ama leba, pamoja na karatasi ukutani yenye jina na namba ya simu ya anayehusika wiki hiyo. Hilo halihitaji bajeti mpya. Linahitaji mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, atie saini.

Kuna sababu nyingine inayowafanya watu wanyamaze, na hii haizungumzwi kwenye semina. Wengi wanakiogopa kipimo kuliko walivyoiogopa sindano. Aliyechomwa anatakiwa kupimwa siku ile ile, kwa sababu PEP ni kwa ajili ya asiye na maambukizi, na kwa sababu bila kipimo cha siku ya ajali hataweza baadaye kuonyesha kwamba aliyapata kazini. Lakini atakayempima ni mwenzake wanayekunywa naye chai. Atakayeandika daftari ni jirani yake kwenye nyumba za watumishi. Kisha arudi nyumbani na kopo la dawa za mwezi mzima, zile zile wanazotumia wanaoishi na VVU, amweleze mume au mke kwa nini itabidi watumie kondomu hadi vipimo vya ufuatiliaji vikamilike. Kituo kinachotaka taarifa zitolewe lazima kiyapunguze haya: daftari litumie namba badala ya jina, mtu aruhusiwe kupimwa kituo jirani, na ushauri nasaha umhusishe mwenza endapo mtumishi mwenyewe anataka.

VVU inatutisha kiasi kwamba tunaisahau homa ya ini B, ambayo kwa mtu asiyechanjwa ni rahisi zaidi kuambukizwa. Sindano yenye virusi vyake inaweza kumwambukiza kwa uwezekano wa kuanzia takriban 6% hadi 30%, kutegemea wingi wa virusi kwa mgonjwa. Virusi hivyo huishi kwenye damu iliyokauka mezani kwa siku saba au zaidi. Chanjo ipo na inakinga vizuri: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita tangu ya kwanza. Tanzania iliiingiza chanjo hii kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo mtumishi aliyezaliwa kabla ya hapo asidhani aliipata kliniki na mama yake. Wanaosahaulika kabisa ni wafanya usafi, wafuaji wa mashuka, wanaochoma taka na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mtu anayebeba mfuko wa taka mgongoni anastahili chanjo sawa na daktari wa upasuaji, na buti ngumu juu yake.

Kuhusu vifaa vya kujikinga, Gulu, kaskazini mwa Uganda, ilitoa somo mwaka 2000. Dk Matthew Lukwiya wa Hospitali ya St Mary's Lacor ndiye aliyeshuku mapema kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu, wakiwemo wanafunzi wake wa uuguzi, ulikuwa Ebola, na akaipanga wodi ya kuwatenga wagonjwa. Usiku mmoja wa Novemba aliamshwa kwenda kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa amechanganyikiwa na kutokwa damu. Alivaa barakoa, gauni na glavu. Miwani ya kinga hakuvaa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Kama mtu mwenye ujuzi ule aliweza kusahau kifaa kimoja alipoamshwa usingizini, mwanadamu wa kawaida anahitaji mwenzake wa kumkagua kabla hajaingia, na wa kumsimamia anapovua, maana kuvua ndiko kunakochafua mikono. Mkoani Kagera, mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, wa mwaka 2023 nao ulimchukua mhudumu wa afya. Kifua kikuu hakina kelele kama hizo, lakini kipo kila siku: makohozi yatolewe nje kwenye hewa, madirisha yafunguliwe hata kama kuna baridi, na barakoa ya kawaida ya upasuaji isichukuliwe kuwa ni N95, ile inayochuja vijidudu vya hewani.

Hatari nyingine inaingilia getini na miguu miwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya 8% na 38% ya wahudumu wa afya hupigwa au kuumizwa wakati fulani katika maisha yao ya kazi, na wanaotukanwa au kutishiwa ni wengi zaidi. Huko Butembo, mashariki mwa Kongo, tarehe 19 Aprili 2019, watu wenye silaha waliingia hospitali ya chuo kikuu na kumuua Dk Richard Mouzoko, aliyekuwa akipambana na Ebola. Huo ni ukatili wa vita. Kwenye wodi zetu ukatili una sura ya kawaida zaidi: mume ambaye mkewe yuko leba tangu asubuhi na hajaambiwa lolote, ndugu sita wanaotaka kuingia kwa pamoja, mlevi aliyeletwa na jeraha, familia iliyoambiwa ikanunue dawa nje na ikarudi ikakuta mgonjwa wao amefariki.

Hasira hiyo hujengeka kwa saa nyingi kabla kofi halijapigwa, na mara nyingi hulishwa na ukimya. Ndugu wanaopewa maelezo kila baada ya muda, hata kama maelezo ni "bado tunasubiri daktari", hupiga kelele mara chache zaidi. Taarifa ya kifo isitolewe kwenye korido wala kupitia dirisha la mapokezi, na muuguzi wa zamu asitumwe kwenda kuitoa peke yake. Chumba chenye viti, watumishi wawili, na anayezungumza akae karibu na mlango. Mlinzi naye afundishwe kutuliza watu. Mlinzi anayeanza kwa kufoka huwasha moto ambao atakayeungua ni aliye ndani. Na wodi ya mlango mmoja unaofungwa kwa ndani usiku ni mtego; iwepo njia ya pili, na namba ya getini ijibiwe.

Si kila anayemtishia muuguzi ametoka nje. Msimamizi anayemtukana mbele ya wagonjwa, mkubwa anayepanga zamu za usiku kwa sharti la kumfuata chumbani, nao ni hatari kazini. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, unaweka yote haya kapu moja: anayetendewa na bosi na anayetendewa na mteja.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na inahusu hospitali kama inavyohusu kiwanda. Mahali penye wafanyakazi zaidi ya wanne panatakiwa kuwa na mwakilishi wa usalama na afya. Muulize mfawidhi wako mwakilishi huyo ni nani. Akisita, umeshapata jibu. Upande wa fidia kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaowahusu walioajiriwa serikalini na sekta binafsi. Mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara. Ajali na ugonjwa uliotokana na kazi vyote vinaingia, ikiwemo kifua kikuu ulichokipata wodini na mgongo ulioumia kwa kumnyanyua mgonjwa, ilimradi ithibitike kuwa chanzo ni kazi. Mwajiri ndiye anayepeleka taarifa kwenye Mfuko, kwa hiyo mpe yako kwa maandishi, ikiwa na tarehe, saa, mahali na majina ya walioshuhudia, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ubaki nayo wewe, pamoja na majibu ya kipimo cha siku ya ajali. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ambaye bado hajaajiriwa na mtu, aulize chuo chake kabla hajaripoti wodini: nikichomwa, nani atagharamia matibabu yangu?